Nyasi-mkuki ya Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, masika yakielekea ukingoni, simu yangu huanza kupokea picha. Soksi iliyojaa vijiti vyeusi. Kondoo aliyevimba shavu. Shungi la nyasi lililopigwa picha usiku kwa mwanga wa tochi, na chini yake swali la maneno mawili: "Hii nini?" Karibu kila mara jibu ni lile lile. Nimeyakusanya maswali hayo hapa ili nikiulizwa tena nitume ukurasa huu, niendelee kula ugali wangu ukiwa bado wa moto.

Jina lake hasa ni lipi?

Jina la kitaalamu ni Heteropogon contortus. Msweden Carl Linnaeus aliiandika mwaka 1753 kama Andropogon contortus, na mwaka 1817 ikahamishiwa jenasi ya Heteropogon, iliko hadi leo. Heteropogon limetoka kwenye Kigiriki, maana yake "ndevu tofauti". Contortus ni Kilatini, "iliyosokotwa". Majina ya kitaalamu mengi hayamsaidii mtu aliyesimama porini, lakini haya mawili yanasaidia: tafuta ndevu, kisha angalia kama zimesokotwa.

"Nyasi-mkuki" ni jina nililolichagua mimi kwa ajili ya ukurasa huu, kwa kuwa mbegu yake ina ncha, mwili na mpini mrefu. Mitaani wengi husema tu "zile nyasi zinazochoma". Ukitaka jina la Kigogo au la Kirangi, muulize mzee aliyechunga ng'ombe ujanani. Atakupa jina na kisa juu yake.

Ina undugu na mimea gani ninayoijua?

Imo katika familia ya Poaceae, yaani nyasi zote na nafaka zote, na ndani ya familia hiyo iko kwenye kundi la Andropogoneae. Humo humo wamo mtama, mahindi, miwa na mchaichai. Uwele haumo, ni wa tawi la pili. Kwa hiyo mkulima wa Bahi anayeing'oa pembezoni mwa shamba la mtama anang'oa binamu ili binamu astawi.

Naitambuaje kabla haijatoa suke?

Piga goti. Nyasi hii haitambuliki vizuri ukiwa umesimama.

Hukua kwa mashungi: mashina mengi yanatoka mahali pamoja, bila vitambaazi vya juu wala vya ardhini kama vya ukoka. Shika shungi pale linapogusana na udongo, ulibonyeze kati ya vidole viwili. Machipukizi yake ni bapa, kana kwamba yamepigwa pasi, na ala za majani zimekunjwa katikati zikaacha mgongo mkali kama wa mtumbwi uliopinduliwa. Ukikuta machipukizi ya mviringo kabisa, hiyo ni nyasi nyingine, usijisumbue.

Jani lina urefu wa sentimita 3 hadi 30 na upana wa milimita 2 hadi 8. Likiwa changa huwa limekunjwa kwa urefu wake, na hata likifunguka huonyesha mstari wa ule mkunjo. Ncha yake ni ya ajabu kidogo: haichongoki polepole, hukatika ghafla ikawa butu. Karibu na shina, kwenye kingo za jani, utaona vinywele virefu vichache, kila kimoja kimekaa juu ya kipele chake. Ulimi, yaani kile kiwambo kidogo kinachotokea jani linapoachana na ala, haufiki hata milimita moja, na ukingo wake una vinywele vifupi. Kwa hilo utahitaji lenzi ya mkononi, au kamera ya simu yenye uwezo wa kukuza.

Kimo kwa kawaida ni nusu mita hadi mita moja, na mahali pazuri hufika mita moja na nusu. Ikikauka huingia wekundu wa kutu, tofauti na weupe wa nyasi nyingi za msimu. Mimi huitambua nikiwa ndani ya basi kwa rangi hiyo, ingawa nimewahi kujidanganya.

Na ikishatoa suke?

Hapo hata mtoto wa darasa la pili hakosei. Lakini suke lenyewe lina mengi, na wengi huliangalia juu juu.

Kila tawi la shina huishia kwenye suke moja tu, la sentimita 3 hadi 7 ukiacha ndevu. Kwa mbali huonekana la kijani. Sogea karibu ulipinde kidogo: vishuke, yaani visuke vidogo vinavyounda suke, vimepangwa viwili viwili, kimoja kimekaa moja kwa moja kwenye mhimili, kingine kina kikonyo. Jozi za chini, tatu hadi kumi na wakati mwingine zaidi, zote ni dume au gumba, na hazina ndevu. Ndiyo maana nusu ya chini ya suke ni laini, na mtu hudanganyika kwamba nyasi hii haina madhara.

Jozi za juu ndizo zenye habari. Kishuke kilichokaa kwenye mhimili ndicho kinachozaa mbegu. Ni chembamba, mviringo, cha kahawia iliyokolea, milimita 5 hadi 10. Mwenzake mwenye kikonyo ni wa kijani, bapa, mpana zaidi, na hazai. Huyu wa kijani humfunika yule wa kahawia kama kibaraza kinavyofunika mlango, kwa hiyo ukitazama kwa haraka unaona wale wasiozaa tu. Wanaozaa wamejificha ndani, na kitu pekee kinachowasaliti ni ndevu.

Kila kishuke kinachozaa hutoa udevu mmoja wa sentimita 5 hadi 10, mweusi wa kahawia, wenye vinywele vifupi, uliopinda mara mbili kama mguu wenye magoti mawili. Suke likikomaa ndevu zote huegemeana juu na kujisokota pamoja zikawa kamba moja nyeusi iliyosimama wima. Mara ya kwanza nilipoiona nikiwa mwanafunzi nilidhani kuna mtoto amepita akazisuka kwa kucheza. Nikaenda shungi la pili: zimesukwa. La tatu: zimesukwa. Nikaacha kumtafuta mtoto.

Vuta hiyo kamba taratibu nayo itatoka na mbegu zote kwa pamoja, fungu zima. Zitenganishe, uiweke moja kiganjani. Mwanzoni kabisa, upande usio na ndevu, kuna ncha ngumu ya milimita 2 hadi 3, kali kama sindano ya kushonea, na kuizunguka kuna vinywele vigumu vilivyolala kuelekea nyuma. Ncha huingia, vinywele hukataa kutoka. Ni ndoano.

Mbegu inajichimbiaje ardhini yenyewe?

Fanya jaribio hili mezani, halichukui dakika tano. Chukua mbegu iliyokauka vizuri, ibane ncha yake kwa koleo au uichomeke kwenye kipande cha sabuni ili udevu usimame juu. Dondoshea udevu tone moja la maji. Subiri kidogo. Utaona sehemu ya juu iliyopinda ikianza kuzunguka, polepole, kama mshale wa saa uliochanganyikiwa. Iache ikauke juani, itazunguka tena kwa upande wa pili.

Hakuna uhai unaohitajika hapo. Seli za udevu ni mfu. Nyuzi za selulosi kwenye kuta za seli hizo zimezungushwa kwa mshazari, hivyo zikinyonya maji hutanuka na udevu hufunguka msokoto, zikikauka hujikaza tena. Sehemu ya juu ya udevu, iliyopinda, hunasa kwenye jiwe, kijiti au shina la nyasi jirani, na ikishindwa kuzunguka, mwili wa mbegu ndio unaozunguka. Ncha hushuka. Umande wa usiku huilowesha, jua la saa nne huikausha, na vile vinywele vya nyuma huizuia isirudi juu. Ni kama fundi anayetoboa ubao kwa keke ya mkono, akipumzika kila mchana.

Jambo hili lilishughulisha watu mapema. Mwaka 1876 Francis Darwin, mtoto wa Charles Darwin, aliandika juu ya mbegu zinazojizika kwa namna hii, akitumia hasa nyasi ya Ulaya iitwayo Stipa pennata. Nyasi hiyo si ndugu wa karibu wa hii yetu, ila mbinu ni ile ile.

Kwa udongo wa Dodoma mbinu hii ina maana sana. Udongo mwekundu wa upande wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali. Waingereza waliokuja na mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947 waliupata huo ugumu kwenye majembe ya mashine zao, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Mbegu ndogo inayobaki juu ya udongo wa namna hiyo huliwa na mchwa na ndege au huchomwa na jua. Inayopata ufa na kujisokota ndani yake hungoja mvua ikiwa salama.

Kwa hiyo hii ndiyo "nyasi sindano" ya kwenye vitabu vya nje?

Hapana, ingawa nakuelewa. Vitabu vya Marekani vinaposema nyasi sindano mara nyingi vinamaanisha kundi la Stipeae, kama Nassella pulchra, ambayo mwaka 2004 iliteuliwa kuwa nyasi rasmi ya jimbo la California. Nayo ni ya kudumu, hukua kwa mashungi, ina mbegu yenye ncha na udevu mrefu wenye magoti. Ukiziweka mbegu hizo mbili kiganjani utasema ni mama mmoja.

Si mama mmoja. Zile za Stipeae ni za nchi za baridi au za mvua za kipupwe, na husanisi chakula kwa njia ya kawaida ya C3, kama ngano na mpunga. Hii yetu hutumia njia ya C4, kama mtama na mahindi: huikusanya hewa ya ukaa kwanza kisha huitumia, kwa hiyo haihitaji kufungua sana vinyweleo vya majani, yaani vitundu vyake vya kupitisha hewa, na hupoteza maji kidogo kwenye joto kali. Makundi mawili yaliyo mbalimbali yamefikia sindano moja. Hilo kwangu linavutia kuliko kama zingekuwa ndugu.

Ni ya kudumu au ya msimu? Mbona Agosti inaonekana imekufa?

Ni ya kudumu. Kinachokufa Agosti ni majani na mashina ya mwaka ule. Uhai umejificha kwenye shingo ya shungi, usawa wa udongo, ambako vichipukizi vimefunikwa na ala kavu za zamani, tabaka juu ya tabaka. Chimba shungi moja mwezi wa Septemba, lipasue katikati kwa kisu: utakuta weupe wenye unyevu ndani ya kile kinachoonekana kama ufagio mkuukuu. Mvua za kwanza zikinyesha, huku kwetu mwishoni mwa Novemba au Desemba, shungi huchipua ndani ya siku chache, wakati nyasi za msimu bado zinahangaika kuotesha mbegu.

Mkoa wetu una masika moja tu, ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na kiangazi cha miezi saba. Mmea unaoanza kila mwaka kutoka kwenye mbegu na ule wenye akiba mizizini hawaingii kwenye mashindano hayo wakiwa sawa.

Inapenda udongo gani?

Usiotuamisha maji. Miteremko, vichuguu vya kokoto, kuzunguka majabali, kingo za barabara, mchanga mwekundu. Ukishuka mbugani kwenye udongo mweusi unaopasuka, itapungua haraka na kuwaachia wengine.

Hupatikana Tanzania tu?

La. Iko Afrika nzima ya joto, Asia ya kusini, Australia, visiwa vya Pasifiki, kusini mwa Ulaya na kusini-magharibi mwa Marekani. Kule Hawaii huitwa pili, na kwa vizazi vingi imeezeka nyumba za wenyeji.

Kwa hiyo hata sisi twaweza kuezekea?

Waweza, ila vuna kabla mbegu hazijakomaa au zikishapukutika zote. Wagogo wa zamani hawakuwa na haja nayo sana kwa paa, kwani tembe la Kigogo huwa na paa la tambarare la miti na udongo. Ukanda wetu pia una nyasi ndefu zaidi za kuezekea. Nisingeichagua kwanza.

Nasikia huzaa bila kurutubishwa. Kweli?

Kwa sehemu kubwa, kweli. Mimea mingi ya spishi hii hutengeneza mbegu bila chavua kuunganika na yai, hivyo mbegu hubeba urithi wa mama mtupu. Hesabu ya kromosomu nayo hutofautiana toka mmea hadi mmea: 20, 40, 60. Matokeo yake utakuta kilima kizima kina nyasi zinazofanana kama sare za shule, halafu kilima cha pili zina kimo na manyoya tofauti, na zote ni spishi moja. Mwanafunzi anayepima shungi moja na kuandika "nyasi hii ina sentimita 62" amepima familia moja tu.

Ng'ombe wanaila?

Wanaila vizuri sana ikiwa changa. Desemba hadi Februari, kabla ya suke, ni lishe nzuri, na ng'ombe wataitafuta. Ikishatoa suke hugeuka haraka: mashina hukakamaa, majani hupungua, na protini hushuka. Kiangazi kikikolea hushuka chini ya ile asilimia 7 ambayo tumbo la ng'ombe linahitaji ili liendelee kusaga malisho vizuri. Ng'ombe atashiba na bado atakonda. Ndiyo maana baada ya mavuno mifugo huingizwa kwenye mabua ya mtama, na mwenye pumba au mashudu huongeza.

Nikiulizwa kama ni nyasi nzuri au mbaya, huuliza kwanza: mwezi gani?

Kondoo wangu ana vidonda mdomoni na kwenye ngozi. Ni hiyo?

Inawezekana kabisa, hasa Aprili hadi Juni. Kondoo huathirika kuliko wengine kwa sababu mbegu hunasa kwenye manyoya, na kila akitembea, akilala, akilowa umande na kukauka, mbegu husogea ndani. Hupenya ngozi na hata kuingia kwenye nyama. Ukimchuna utakuta vijiti vyeusi chini ya ngozi. Huko Australia, jimbo la Queensland, tatizo hili ni la siku nyingi kwa wafugaji wa kondoo. Mbuzi huumia zaidi mdomoni na machoni. Mbwa wa kuchungia huumia kati ya vidole na ndani ya sikio: ukimwona anatikisa kichwa upande mmoja tu, shuku.

Nami yamenikuta. Mwaka mmoja wa njaa ya malisho nilinunua marobota ya nyasi kwa muuzaji mmoja njiani. Nje yalikuwa ya kijani kibichi, yananukia. Sikufungua hata moja. Nyumbani nikakata kamba ya robota la kwanza na kuona ndani kumejaa kamba nyeusi zilizosokotwa: zilikatwa mbegu zikiwa zimeiva. Mbuzi watatu walikuwa wameshaanza kula. Siku hizi nafungua robota moja hapo hapo barabarani, muuzaji akinuna anune.

Mbegu iliyoingia ndani ya jicho au sikio usiichokonoe kwa kijiti. Mwite afisa mifugo. Ikiwa juu juu kwenye ngozi na ncha inaonekana, ivute kufuata upande ncha inakoelekea ikiwa imetokeza, kwa sababu kuirudisha nyuma ni kuchana nyama kwa vile vinywele.

Na kwenye soksi?

Geuza soksi ndani nje, shika ncha, vuta mbele. Ukivuta udevu kwa nje utabaki na udevu mkononi na ncha ndani ya soksi, na utaikumbuka ukifika ofisini.

Nichome moto zitoweke?

Utachoma kila kitu isipokuwa zenyewe. Nyasi hii imezoea moto kuliko majirani zake wengi. Vichipukizi viko usawa wa udongo chini ya ala, na mbegu tayari ziko ardhini. Moto hupita juu, huondoa majani makavu na miche ya vichaka, mvua zikija shungi linachipua likiwa na jua lote kwa ajili yake. Sehemu inayochomwa mara kwa mara bila kuchungwa kupita kiasi ndiyo inayogeuka kuwa ya nyasi-mkuki. Na kuchoma mapori bila kibali ni kosa kisheria. Mwezi wa Agosti, kwa upepo wetu wa Dodoma, ni kosa hata bila sheria.

Kinachoipunguza ni kulishwa mfululizo wakati wa masika, mwaka baada ya mwaka, bila kupumzishwa. Lakini nafasi yake haichukuliwi na nyasi bora. Huja nyasi za msimu, magugu, kisha udongo mtupu. Mara nyingi mtu anayelalamika kwangu kuhusu nyasi-mkuki, nikienda kuona shamba lake, hiyo ndiyo nyasi ya kudumu pekee aliyobaki nayo.

Kwenye uwanja wa nyumba je? Watoto wanachomwa.

Fyeka kabla ya suke, na urudie kila linapochomoza. Au ng'oa mashungi kwa jembe mvua zikiwa zimelainisha udongo, upande ukoka. Kwa kuwa haina vitambaazi, shungi likitoka na shingo yake limetoka. Ongeza mwaka mmoja au miwili wa kung'oa miche.

Naichanganya na nyasi nyingine zenye ndevu. Nisaidie.

Wa kwanza kukuchanganya ni Aristida, zilizojaa kwenye ardhi iliyochoka kuzunguka vijiji vyetu. Hesabu ndevu: Aristida ina ndevu tatu zinazotoka sehemu moja, kama mguu wa kuku. Nyasi-mkuki ina mmoja kwa kila mbegu. Nyingi za Aristida ni za rangi ya majani makavu, si nyeusi.

Wa pili ni ndugu yake wa damu, Heteropogon melanocarpus. Huyu ni wa msimu mmoja, hupita kimo cha mtu, ndevu zake hufika sentimita 10 hadi 15, na kwenye mgongo wa vile vishuke vya kijani ana mstari wa vishimo vya tezi. Ng'oa: ukiona mizizi myepesi ya mwaka mmoja isiyo na ala kuukuu, ni yeye.

Wa tatu ni Themeda triandra. Naye ni wa kudumu, ana udevu mweusi wenye goti na hugeuka mwekundu, lakini suke lake limegawanyika mafungu mafungu yanayoning'inia, kila fungu limefunikwa na jani dogo kama mtumbwi. Nyasi-mkuki haining'inii. Mifugo huipenda Themeda sana, na pakizidiwa na malisho ndiyo hutoweka mapema.

Je, nyasi za kudumu zinaweza kurudi mahali palipokwisha kabisa?

Nenda Kondoa ukaangalie. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi huukumbuka kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililokuwa limeliwa na makorongo. Wenye ng'ombe waliumia, na ukikaa na wazee wa Kirangi bado utalisikia hilo. Lakini miteremko iliyokuwa mitupu ilirudisha nyasi na vichaka. Nyasi hazikushushwa kutoka mbinguni: kuna mashungi yaliyokuwa yamebaki chini ya miiba, na mbegu kwenye nyufa. Si lazima kila kijiji kiondoe mifugo yote. Wasukuma wana ngitili, sehemu inayofungwa masika ili iliwe kiangazi, na wazo hilo linafanya kazi hata kwa ekari mbili zenye uzio wa miiba.

Basi niipande kwa malisho?

Nisingekushauri uanze nayo. Mbegu mbichi hulala, huhitaji miezi kadhaa na hata mwaka kabla ya kukubali kuota, na ndevu husokotana kiasi kwamba huwezi kuzimwaga kwa mkono wala kwa mashine bila kuzikata kwanza. Kuna nyasi zinazofaa zaidi kupandwa, kama Cenchrus ciliaris, ambayo kituo cha utafiti wa malisho cha Kongwa kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Suke lake ni laini kama mkia wa paka na halimchomi mtu. Nyasi-mkuki ikiwepo tayari shambani, itunze: ilishe mapema, ipumzishe, ikate kwa hei kabla ya ndevu kuwa nyeusi.

Mwalimu, nimepewa kazi ya kukusanya sampuli. Naichukuaje?

Chimba na shingo na mizizi, usikate juu tu. Bila zile ala bapa za chini mtambuzi atabaki kubahatisha. Chukua shungi dogo lenye suke moja la kijani na moja lililoiva. Kunja shina kama herufi N au V ili litoshe kwenye gazeti, ulibane kati ya mbao, na kila siku ubadilishe magazeti mpaka likauke. Andika mahali, tarehe, mwinuko, udongo na rangi ikiwa bado mbichi, maana wekundu utapotea. Mbegu zilizoiva zitie kwenye bahasha ya karatasi na uibandike pembeni, usiziache huru kati ya magazeti.

Hilo la mwisho nalisema kwa uzoefu. Niliwahi kuacha fungu moja huru juu ya rundo la sampuli, mlango wa stoo wazi, msimu wa ukungu wa asubuhi. Wiki ya pili nikakuta mbegu mbili zimeshapita kurasa nne za gazeti na ya tatu iko nusu njia kwenye kadibodi.